Muulize Sista: "Mwanangu anakunywa methadoni, ataacha lini?"

Barua za mwezi huu zimenielemea upande mmoja: unga (heroini), pombe, na tiba inayotolewa hospitalini kwa mtu anayekuja asubuhi na kurudi kwake, hasa methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga. Nimechagua tano. Majina nimeyaondoa yote, na mambo machache nimeyageuza ili jirani asimtambue mwenzake.

Sista, shikamoo. Mwanangu ana miaka 27. Alitumia unga tangu akiwa sekondari. Mwaka jana vijana wa asasi walimtoa kijiweni wakampeleka hospitali, na tangu hapo anakunywa methadoni kila siku. Alinenepa, akapata kibarua cha kupaka rangi nyumba, vitu vikaacha kupotea ndani. Miezi miwili iliyopita alikutwa na kifua kikuu, akaanza dawa. Sasa ikifika usiku anatoka kamasi na machozi, anapiga miayo, tumbo linamkata, halali. Anasema methadoni haimtoshi, anataka aongezewe. Mjomba wake anasema, "Huo ni unga wa serikali, sasa umemkolea." Anataka tumtoe tumpeleke Handeni kwa babu yake akatulie. Mimi nami nimechoka kungoja. Ataacha lini? — Mama, Mbagala

Marahaba, mama. Kabla ya yote nakuomba: kesho asubuhi fuatana na mwanao hadi kliniki, mbebe na kadi yake ya kifua kikuu pamoja na vidonge vyenyewe, umuoneshe daktari wa methadoni. Naamini mwanao anasema kweli.

Katika vidonge vya kifua kikuu mna dawa iitwayo rifampisini. Ni dawa nzuri, bila hiyo kifua kikuu hakiponi kwa miezi sita. Lakini inaliamsha ini lifanye kazi kwa kasi, na ini hilo ndilo linaloivunja methadoni. Dozi iliyokuwa ikimshika mwanao mchana na usiku sasa inavunjwa mapema mno. Akinywa saa tatu asubuhi, usiku imeshapungua mno mwilini, na anachokupigia kelele ni arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea. Kamasi, machozi, miayo, tumbo kukata, vinyweleo kusimama: hizo ni dalili ambazo mtu hawezi kuziigiza usiku kucha. Mboni zake pia zitakuwa pana, mtazame.

Dawa yake ni kuongezewa methadoni, polepole, daktari akimwona kila baada ya siku chache. Wengine huhitaji kuongezewa kidogo, wengine nusu ya dozi yao ya zamani au zaidi. Asiache dawa za kifua kikuu hata siku moja kwa ajili ya hili. Na uandike mahali tarehe atakayomaliza vidonge hivyo, kwa sababu rifampisini ikishatoka, ini hurudi taratibu kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya wiki mbili hivi, na dozi ile iliyoongezwa inakuwa kubwa kuliko anavyohitaji. Hapo ndipo mtu husinzia akashindwa kuamka. Kliniki ikijua tarehe hiyo itampunguzia kwa wakati. Ajabu ni kwamba kadi mbili za mgonjwa mmoja zinaweza kukaa kwenye mfuko mmoja wa suruali na kila chumba kikaona ya kwake tu. Wewe ndiye uziweke pamoja mezani.

Sasa mjomba. Nayajua maneno yake. Muhimbili ilipofungua kliniki ya kwanza ya methadoni nchini, Februari 2011, yalisemwa hayo hayo, na yakasemwa tena ilipofika Mwananyamala, ikafika Temeke, Zanzibar, Mbeya, Dodoma, Mwanza, Tanga. Sitamwambia mjomba kwamba methadoni si jamii moja na heroini. Ni jamii moja, na mwili wa mwanao umeizoea, hilo ni kweli. Lakini atazame maisha ya kijana. Kete moja ya unga humshika mtu saa chache, kisha arosto inabisha hodi. Kwa hiyo anaamka akitafuta hela, anavuta, anapanda, anashuka, anatafuta tena, mara tatu au nne kwa siku. Simu ya mama inaondoka hapo, sufuria inaondoka hapo. Methadoni inanywewa mara moja, inashika zaidi ya saa 24, na dozi ikishakaa sawa haimpandishi stimu. Mtu anapanda ngazi na brashi ya rangi mkononi. Dozi ikitosha, hata akijaribu unga juu yake hausikii kama zamani. Tangu 2005 Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Haikuwekwa huko kwa ajili ya kuwaburudisha watu.

Swali lako la mwisho ndilo gumu, na nitakujibu waziwazi: sijui mwaka wa mtoto wako, na daktari wake hapaswi kukupa tarehe. Wapo wanaokaa miaka miwili, wapo wanaokaa kumi. Anayetaka kutoka hupunguziwa kidogo kidogo kwa miezi mingi, akiwa na kazi, akiwa na mahali pa kulala, na akitaka mwenyewe. Akianza kuhangaika, kupunguza kunasimamishwa. Wanaotolewa kwa nguvu na ndugu ndio ninaowahofia. Mwili ukishaacha methadoni, uwezo wake wa kuhimili unga unashuka. Akirudi akavuta au kujichoma kiasi kile kile cha zamani, pumzi inakata. Wiki nne za kwanza baada ya kuacha tiba ni za hatari kuliko karibu wakati wowote mwingine wa maisha yake. Ukimpeleka Handeni leo, akiwa na kifua kikuu, bila methadoni, mama yangu, unampeleka kwenye hatari hiyo wewe mwenyewe, kwa mapenzi.

Nimekuelewa kuhusu kuchoka. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku inauma, Jumapili haipumziki, hata Idd na Krismasi mtu lazima afike kwenye dirisha la dawa. Baadhi ya kliniki zimeanza kuwapa waliotulia dozi za kwenda nazo nyumbani. Uliza kama mwanao anaweza kufikiriwa atakapomaliza dawa za kifua kikuu. Akipewa, chupa hiyo ikae kwenye kasha lenye kufuli, kwa maana kipimo cha mtu mzima aliyezoea kinamuua mtoto au mgeni akidhani ni sharubati.

Sista, mimi ni konda wa daladala, miaka 24. Navuta unga kwenye kokteli, yaani sigara iliyochanganywa na bangi, sijawahi kujichoma. Nimemwambia kaka yangu nataka kuacha. Amesema atanifungia chumbani kwake wiki mbili na ndoo na maji, akinifungulia nitakuwa nimepona. Je, kuna njia nyingine? Na huko kliniki siku ya kwanza wanakufanya nini? Wenzangu wanasema bila alama za sindano hupokelewi. — Konda, Gongo la Mboto

Mdogo wangu, umefanya jambo kubwa kumwambia kaka yako. Mshukuru, kisha umsomee hili.

Arosto ya unga huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya kuvuta mara ya mwisho. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya: kutapika, kuhara, mifupa kuuma, baridi na jasho kwa pamoja. Siku ya saba hivi mwili unatulia. Kwa kijana mwenye afya, arosto yenyewe mara chache huua, ingawa mtu anayetapika na kuhara chumbani bila wa kumhudumia anaweza kukaukiwa maji hadi akafa. Kwa hiyo kaka yako atakufungulia mlango siku ya kumi na nne akuone umetulia, unakula, unacheka, na atadhani kazi imekwisha. Hamu haijaisha. Iko palepale, na wewe sasa una mwili usiohimili ulichokuwa unahimili. Nimeshasema hapo juu kinachofuata. Wengi waliofungiwa hivi hawakufia chumbani. Walifia chooni kituoni, wiki moja baadaye, kwa kete moja tu.

Suala la sindano lisikuzuie. Ni kweli mwanzoni huduma hizi zililenga zaidi wanaojidunga, kwa sababu ya Ukimwi na homa ya ini. Lakini wewe nenda ukapimwe; usijikatae mwenyewe mlangoni. Njia rahisi ni kumtafuta mwelimishaji rika wa asasi inayopita maskani za upande wenu, kwani wao ndio huandaa watu na kuwafikisha kliniki. Usipompata, nenda idara ya afya ya akili ya hospitali ya serikali, useme neno kwa neno: natumia heroini, nataka tiba. Dawa hulipii.

Siku ya kwanza uende na mtu anayekufahamu, kaka yako anafaa sana. Mtakaa muda mrefu. Utaulizwa umeanza lini, unavuta mara ngapi, unachanganya na nini. Taja kila kitu: bangi, pombe, na hasa vidonge vya usingizi kama diazepamu. Hakuna polisi chumbani humo. Vidonge hivyo na pombe vikikutana na methadoni vinazima pumzi, na nesi asipojua hawezi kukulinda. Utatoa mkojo, utapimwa damu kwa ajili ya virusi vya Ukimwi na homa ya ini B na C, utaulizwa juu ya kikohozi. Wataangalia kama arosto imeshaanza, ndiyo maana ni vizuri usivute asubuhi hiyo. Kisha unapewa kikombe kidogo cha kwanza, unakunywa mbele ya nesi, unaongea naye kidogo kuhakikisha umemeza.

Hapa sikiliza kwa makini. Dozi ya kwanza ni ndogo, kwa kawaida miligramu 10 hadi 30. Haitakutosha. Usiku wake utasikia arosto na utasema hawa wamenidanganya. Hawajakudanganya. Methadoni ya leo inakutana na mabaki ya jana, na ya kesho inakutana na ya leo, inajijaza mwilini kwa siku kadhaa kabla ya kutulia. Wakikupa nyingi siku ya kwanza ili ujisikie vizuri, siku ya nne unaweza usiamke. Hivyo hupandishwa kidogo kila baada ya siku kadhaa, mpaka wengi wafike kati ya miligramu 60 na 120. Wiki mbili hizo za kwanza usiongezee kete juu yake ukidhani unajisaidia. Ikikushinda ukavuta, kesho yake mwambie nesi kabla ya kunywa. Atakushukuru. Na kaka yako ajue dalili za hatari: mtu akikoroma kwa sauti isiyo ya kawaida, midomo imegeuka rangi, ukimtikisa haamki, asimmwagie maji wala kumlisha maziwa. Amlaze kwa ubavu, akimbize hospitali mara moja, aseme ametumia nini, kwani ipo sindano ya naloksoni inayomrudisha.

Kuhusu kazi: gari linatoka alfajiri na dirisha linafunguliwa asubuhi, kwa hiyo miezi ya mwanzo utagongana na ratiba. Zungumza na dereva wako akupe shifti ya mchana, au ukubali kupumzika mwezi wa kwanza. Ukikosa siku tatu mfululizo usishangae ukipunguziwa dozi, na ukikosa zaidi huenda ukaanza upya kutoka chini. Ni kwa usalama wako, si adhabu.

Utapata choo kigumu, kinywa kitakauka, utatoka jasho. Kunywa maji, kula mapapai na mboga, piga mswaki sana. Usipende peremende.

Dada, mume wangu anakunywa gongo kuanzia alfajiri. Mikono inatetemeka mpaka apate glasi ya kwanza. Mwaka juzi alikosa pombe siku mbili kwenye msiba akaanguka kama mwenye kifafa. Nimepanga kuanzia Jumatatu nimzuilie, nifunge geti na nisimpe hata shilingi. Pia kuna mtu ananiuzia vidonge vya kumtilia kwenye chai ili aichukie pombe. Nifanye lipi? — Mke, Rombo

Dada yangu, usifanye lolote kati ya hayo mawili. Jumatatu usifunge geti.

Watu wengi huogopa arosto ya unga na kuidharau ya pombe, na kwa kweli ni kinyume. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akikatiwa ghafla, ubongo uliozoea kushushwa na pombe unaripuka: kutetemeka saa chache baadaye, degedege ndani ya siku mbili za kwanza, kisha siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona wadudu ukutani, kuongea na watu wasiokuwepo, joto na mapigo ya moyo kupanda. Hali hiyo inaua. Mumeo alishaanguka mara moja, na aliyewahi kuanguka yuko hatarini zaidi kuanguka tena.

Kuna wanywaji ambao detoksi yao, yaani kutolewa kwenye pombe kwa msaada wa dawa, hufanyika wakiwa nyumbani, wanakuja kliniki kila siku kupimwa na kupewa vidonge vya siku hiyo. Hao ni wale wasio na historia ya degedege, wasio na ugonjwa mwingine mkubwa, na wenye mtu timamu wa kukaa nao. Mumeo hayumo humo. Anahitaji kulazwa siku kadhaa. Mpeleke hospitali ya Mawenzi au KCMC, Moshi, na useme mapema kuhusu lile anguko la msibani. Atapewa diazepamu kwa kipimo kinachoshushwa siku hadi siku, na sindano za vitamini B1 kabla ya kutundikiwa dripu ya sukari, kwa maana ubongo wa mnywaji mara nyingi umekwishiwa na vitamini hiyo. Mpaka siku hiyo ifike, siipendi gongo lakini nakuambia aendelee kunywa kiasi kinachozuia kutetemeka, na umlishe. Najua inavyouma kusikia hivyo kutoka kwa nesi.

Vidonge vya kwenye chai vitupe. Ipo dawa halali inayomfanya mtu augue akinywa pombe, disulfiramu, lakini hupewa mtu aliyekwisha kuacha pombe, anayejua anachomeza na amekubali. Ukimtilia kwa siri mtu aliyejaa gongo, shinikizo la damu linaweza kuporomoka na moyo ukasimama mbele ya watoto wako. Wala hujui muuzaji amekuuzia nini hasa.

Sista nina mimba ya miezi minne na natumia unga. Naogopa kwenda kliniki ya wajawazito watanisema. Nataka kuacha peke yangu wiki hii kwa ajili ya mtoto. — Unguja

Mwanangu, usiache ghafla wiki hii. Arosto kali inaweza kuchochea mimba kutoka au uchungu kuja kabla ya wakati. Nenda kliniki ya methadoni ya hospitali ya Kidongo Chekundu, ueleze kwamba wewe ni mjamzito. Methadoni hutumika kwa wajawazito, na mjamzito kwa kawaida hapangwi mwisho wa foleni. Miezi ya mwisho huenda dozi ikahitaji kuongezwa, usihofu kwamba umeharibikiwa. Mtoto akizaliwa anaweza kusumbuliwa na arosto yake kwa siku au wiki kadhaa: kulia kwa sauti kali, kutetemeka, kunyonya kwa shida. Inatibika, madamu wauguzi wa wodi ya wazazi wanajua. Kwa hiyo waambie unakunywa methadoni, na uwakumbushe wasikuchome sindano ya maumivu aina ya pentazosini, kwa kuwa itakutia arosto papo hapo. Kunyonyesha ukiwa kwenye methadoni kunaruhusiwa. Akikusema mtu kliniki, mtafute mwingine, rudi kesho. Mimi nakungoja uniandikie ukishajifungua.

Sista, nakunywa methadoni hospitali ya Bombo, Tanga, miligramu 85. Baba mdogo amefariki Mwanza, nikienda kuzika nitakaa kama wiki. Nibebe ya akiba kutoka kwa mwenzangu? — Tanga

Pole sana kwa msiba. Usibebe ya mtu: hujui nguvu yake, na ukikamatwa nayo njiani huna karatasi ya kukutetea. Leo hii nenda Bombo waeleze. Watawasiliana na hospitali ya Sekou Toure pale Mwanza, wathibitishe dozi yako na siku uliyokunywa mara ya mwisho, nawe utapewa barua. Chukua kitambulisho. Kunywa Bombo asubuhi ya safari kabla ya kupanda basi, na ukifika Mwanza uende dirishani kwanza, nyumbani kwa marehemu baadaye. Watakaokuwepo msibani wataleta chupa usiku, kataa. Ukikwama njiani ukakosa siku, mwambie nesi wa Mwanza ukweli kabla hajamimina.